Unatusomea au unatuambia? Njia nne za jukwaani za kuongea kwa ukweli wako

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, kijiji kimoja cha Tandahimba, mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umekolea. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Nilivaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile ili nionekane mtu wa ofisi, na mkononi nilikuwa na karatasi tatu: bei ya mnada, makato, na kinachobaki kwa mkulima. Nilisoma vizuri kabisa, sikukosea tarakimu hata moja. Nilipogeuza karatasi ya pili, mzee mmoja aliyekaa kwenye mzizi, baiskeli yake kaiegemeza begani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, samahani. Unatusomea au unatuambia?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa ukweni. Halafu nikaendelea kusoma, maana namna nyingine sikuwa nayo.

Swali lile ndilo lililonifikisha kwenye mazoezi ya maigizo, jambo ambalo kabla ya hapo niliona ni la watoto wa shule na vichekesho vya kwenye simu. Siku hizi kila Jumamosi jioni nakutana na watu wanane, wakati mwingine kumi na wawili, hapa Mtwara mjini. Yupo nesi, yupo mwalimu wa sekondari, kijana anayeuza bima, mama anayeuza pweza. Hakuna anayetaka kuwa msanii. Wanataka wakifungua mdomo watoke wao, isitoke sauti ya kuazima. Na kila mgeni huuliza jambo lilelile: nianze na njia ipi?

Kuna kizingiti cha lugha kwanza. Kwetu ukimwambia mtu "usiniigizie", umemwambia usinidanganye. Kwa hiyo akisikia ajifunze ukweli kwa kuigiza, anaona kama kaambiwa akaoge matopeni. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo ya mwigizaji ni kuvua: mabega yaliyokaza, pumzi iliyobanwa kifuani, ile sauti ya redio inayokuja yenyewe ukishika maikrofoni. Aliyewahi kusimama kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, amekwishaliona hili. Mchezaji kafunikwa kichwa kizima kwa kinyago, uso wake huuoni, na bado umati unamsoma mabega na nyayo na kumwitikia. Zaidi ya hapo sisemi, mambo yale yana wenyewe.

Nitazipima kwa nini

Njia ni nne: utambaji wa hadithi, njia ya Stanislavski, mchezo wa papo kwa papo, na maigizo shirikishi ya Boal. Kila moja nitaiuliza maswali matano. Inafundisha nini hasa? Inadai nini, kwa watu na kwa muda? Inakuanika kiasi gani, maana aibu nayo ni gharama na wengine hawana akiba yake? Inakaaje na adabu zetu, mahali ambapo kijana hamkatizi mzee? Na la mwisho, ambalo wakufunzi wengi hulipita kimya: ni ubandia gani inaoweza kukupandikiza? Kwa sababu kila njia ina unafiki wake, na ni bora uujue kabla haujakuota.

Zote nitazijaribu kwa kazi moja, ileile iliyonishinda: kuwaambia wakulima kwa nini pesa waliyoisikia mnadani siyo pesa watakayoipokea.

Utambaji wa hadithi

Hii tumekua nayo. Fanani anaita, "Hadithi, hadithi!" Hadhira inajibu, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea." Tunaichukulia kama pambo la kuanzia, kumbe ndiyo somo lenyewe. Fanani haanzi mpaka aitikiwe. Akiitikiwa kwa uvivu, anaita tena. Kabla hajasema neno moja la maana ameshajua waliopo wako macho au wamechoka, wamekaa mbele au wamejibanza nyuma. Mimi chini ya mwembe nilianza kwa "Ndugu wajumbe" huku natazama karatasi. Hata kama nusu yao wangeondoka, nisingejua.

Basi utambaji unafundisha uhusiano na wasikilizaji: wapi unyamaze, wapi ushushe sauti ili wao ndio wakufuate. Pwani hii imemtoa Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa 1943 mkoa jirani wa Lindi, na aliona kwamba fanani mmoja akisimama peke yake tayari ni jukwaa kamili.

Kwa gharama hakuna njia rahisi kuliko hii. Unahitaji msikilizaji mmoja, hata mtoto wa jirani, na jioni moja. Haikuaniki sana, kwani hadithi inasimama mbele yako kama kanga kwenye kamba: watu wanaitazama hiyo. Na adabu haiguswi popote. Bibi anatamba, mjukuu anatamba.

Kwenye kazi yetu ya makato, hivi ndivyo nilivyofanya msimu uliofuata. Karatasi niliziacha kwenye begi. Nikasema kuna kilo moja ya korosho imetoka kwa mama fulani alfajiri, imefungwa gunia, imefika kwenye mizani. Pale mizani pana ushuru. "Ikamegwa," nikasema. Ikapandishwa gari kwenda ghalani. "Ikamegwa." Kituo cha tatu sikusema mimi, walisema wao, wote kwa pamoja, na vitoto vilivyokuwa vinacheza pembeni vikadakia. Kufika mwisho wa safari kila mtu alijua kilo ile imebaki na nini na kwa nini.

Halafu mama mmoja akasimama na kuuliza kuhusu kituo cha nne: kile kipande kinamegwa kinaenda kwa nani? Sikuwa na jibu. Mwaka wa karatasi hakuna aliyeuliza hivyo, kwa kuwa hakuna aliyeelewa kiasi cha kuuliza. Ilinibidi niseme sijui, niende ofisini, nirudi wiki ya pili. Ukianza kueleweka, jiandae kuulizwa.

Ubandia wake ni utamu. Mtambaji akishaonja sifa huanza kuongeza chumvi, kila taarifa inageuka ngano, na mkuu wa idara aliyetaka jibu la ndiyo au hapana anapewa sungura na fisi. Kwenye ofisi, kwenye simu, na kwa mtu mmoja aliye na haraka, utambaji unachosha. Unamfaa anayesimama mbele ya kundi akiwa na jambo lenye tarakimu au hatua nyingi: afisa ugani, mwalimu, mhasibu wa kikundi.

Njia ya Stanislavski

Konstantin Stanislavski alizaliwa Urusi 1863, na mwaka 1898 yeye na mwenzake Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba la maonyesho la Moscow lililobadili uigizaji duniani. Alichukizwa na waigizaji wa zama zake waliokuwa wakishika kifua kuonyesha huzuni na kupaza sauti kuonyesha hasira. Akawapa maswali ya kujibu kabla ya kupanda jukwaani. Wewe ni nani? Uko wapi? Unataka nini kwa huyu uliye mbele yake? Nini kinakuzuia?

Swali la tatu ndilo lenye dawa. Watu wengi wakiulizwa wanataka nini kwenye mkutano, husema "kutoa taarifa". Hicho siyo kitu unachoweza kumtaka mtu. Tafuta kitenzi kinachomgusa: kumtoa hofu, kumwonya, kumwomba radhi, kumchochea. Ukishakipata, sauti inajipanga yenyewe, huna haja ya kuambiwa "tabasamu kidogo".

Nesi wetu alikuja akilalamika kwamba akina mama hawarudi kliniki kwa tarehe anazowaandikia, ingawa anawaeleza vizuri. Tukamwekea kiti, mmoja wetu akawa mama mwenye mtoto mgongoni. Akaeleza. Nikamuuliza: hapo ulikuwa unataka nini kwake? "Nataka arudi." Tukarudia. Safari hii nilimwomba atazame mikono yake mwenyewe. Mkono wa kushoto unaeleza, mkono wa kulia umeshashika kadi ya anayefuata. Alinyamaza, kisha akaangua kicheko hadi akakaa chini. "Nataka foleni iishe," akasema. Ndicho alichokuwa anakitaka kweli, na ndicho akina mama walichokuwa wanakisikia. Foleni bado ni ndefu, hilo maigizo hayaliwezi, ila sasa kadi ya pili anaiacha mezani hadi amalize na wa kwanza.

Kipo chombo chake kingine, kile cha kujiuliza ingekuwaje kama. Kwa lugha nyingine ni sentensi nzima, Kiswahili kinakifanya kwa silabi moja: -nge-. Ningekuwa mimi ndiye niliyepalilia, nikapulizia salfa, nikaokota, halafu anakuja kijana wa shati refu ananisomea, ningetaka kusikia nini kwanza? Jibu lilikuwa wazi: kiasi cha kupokea na siku ya kupokea. Mimi vyote viwili nilikuwa nimeviweka ukurasa wa tatu.

Haihitaji kundi. Daftari na robo saa kila siku vinatosha, na ndani ya wiki mbili tatu utaona tofauti. Adabu haiguswi kwa sababu kazi inafanyika ndani yako. Kuanikwa kunategemea unachimba wapi. Zamani Stanislavski aliwataka waigizaji wakumbuke machungu yao wenyewe ili wapate hisia. Walimu kadhaa wa Marekani waliling'ang'ania hilo, mpaka mwigizaji wa huko, Stella Adler, alipokutana naye Paris 1934 na kurudi na habari kwamba mzee mwenyewe ameshahamia kwenye vitendo na mazingira. Mimi namfuata Adler. Huna haja ya kufukua msiba wa mama yako ili uwaeleze watu ratiba ya maji.

Na hapo ndipo ubandia wake unapoingia. Tulikuwa na kijana aliyegundua anaweza kulia akitaka. Mara ya kwanza ilitugusa wote. Mara ya nne tulitazamana. Mtu anayejisikiliza sana hisia zake humsahau aliye mbele yake, na hilo linaonekana hata kwa mtoto. Njia hii inamfaa anayeongea na mtu mmoja mmoja kuhusu jambo zito, na yule mkimya anayependa kujiandaa. Kwa mtu ambaye tayari anajifikiria kupita kiasi, ni kumwongezea petroli.

Mchezo wa papo kwa papo

Hapa hakuna skripti, hakuna maandalizi, mnaingia na kuanza. Majina mawili yanatosha. Viola Spolin wa Chicago alianza na michezo ya watoto kwenye nyumba ya huduma za jamii katika mitaa ya wahamiaji, na mwaka 1963 akachapisha mkusanyo wa mazoezi yake ambao bado unatumika. Keith Johnstone, Mwingereza aliyefundisha kwenye jumba la Royal Court mjini London kabla ya kuhamia Kanada, aliongeza jicho kali kuhusu ukubwa na udogo kati ya watu.

Ila tusijifanye wageni wa jambo hili. Nenda msibani uwatazame watani. Jeneza halijatoka, mtani kalishikilia, anadai apewe chochote ndipo njia ifunguke. Mwingine anaiga mwendo wa marehemu na namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kukopa, wafiwa wanalia na kucheka kwa pumzi ileile. Hakuna aliyempa maneno. Anadaka analopewa na kulirudisha likiwa na kitu juu yake. Wakufunzi wa Ulaya na Marekani huiita kanuni ya "ndiyo, na…": pokea alichosema mwenzako, kisha ongeza. Mtani mzuri haijui kanuni hiyo kwa jina na haikosei.

Mazoezi ni mepesi. Kioo: wawili wanatazamana, mmoja anasogea taratibu, mwenzake anamfuata kama kivuli. Hadithi ya neno moja moja kwa duara. Kuna na zoezi la Sanford Meisner wa New York, mwalimu wa uigizaji ambaye hakuwa mtu wa vichekesho, lakini nimeliweka hapa kwa vile linafundisha masikio: wawili wanarudiana sentensi moja. "Umevaa kofia." "Nimevaa kofia." "Umevaa kofia." Mwanzoni ni upuuzi mtupu. Mara ya kumi na tano kofia imesahauliwa, na kinachopita kati yao ni kama mmoja anamuuliza mwenzake, mbona unaniogopa?

Lakini utajiri wake kwangu uko kwenye somo la Johnstone la ukubwa na udogo. Anasema hadhi ni kitu unachokitenda, mbali na cheo ulichopewa. Kichwa kinachotulia wakati wa kusema kinakupandisha, mkono unaogusagusa uso unakushusha, na nafasi unayoichukua kwenye benchi inasema yake. Nilipolisikia hilo nilirudi mwembeni kwa mawazo. Shati langu lilikuwa linasema mimi mkubwa, magoti yangu yalikuwa yanasema naomba msinile. Watu wazima walikuwa wanasikiliza sauti mbili kwa mpigo, na makato katikati yake hayakupata nafasi.

Jaribu sasa zoezi hilo kwetu. Nilimpa kijana wa bima kuwa mwenyekiti, mama wa pweza kuwa mjumbe aliyechelewa. Kijana akashindwa kukaa wakati mama kasimama. Kila akitaka kumfokea anaanza na "shikamoo". Tulicheka sana, kisha mama mwenyewe akamwambia, "Mwanangu, fanya tu, hapa nimekuruhusu." Ruhusa ile ndiyo ufunguo. Nimejifunza kuiomba kwa sauti mwanzoni mwa kila kipindi, tukubaliane kwamba ndani ya duara umri umewekwa mlangoni pamoja na ndala. Bila hivyo, njia hii inagongana na adabu zaidi ya nyingine zote. Baadhi ya akina mama pia hawapendi michezo ya kushikana, na wana haki yao. Kioo hakina kushikana.

Inadai watu wanne kwenda juu, saa moja, na mahali ambapo wapita njia hawatasimama kutazama. Inakuanika sana siku ya kwanza, ya tatu umeshazoea. Kwenye makato, huandai hotuba: wenzako wanakurushia maswali mabaya kuliko yote, "Mbona mwaka jana mlisema hivi?", "Hiyo gari ya ghalani ni ya nani?", na wewe huruhusiwi kujibu kabla hujarudia ulichoulizwa kwa maneno yake aliyeuliza. Inakata kabisa ugonjwa wa kujibu swali ambalo hukuulizwa.

Ubandia wake ni kuchekesha. Mtu akishapata kicheko kimoja huanza kukiwinda. Na "ndiyo, na" ikichukuliwa bila akili inakuwa unyenyekevu wa kinafiki. Kwenye fedha za watu kuna mahali pa kusema hapana na kukaa kimya. Inamfaa anayeganda akiulizwa swali lisilotarajiwa, na msomi aliyejifungia kwenye maandishi yake. Kwa anayezungumza habari za vifo au mashtaka, haitoshi peke yake.

Maigizo shirikishi

Augusto Boal, Mbrazili aliyezaliwa 1931, alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 akiwa Peru kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, kundi lake liliigiza kisa cha mke aliyedanganywa na mumewe, na watazamaji wakaulizwa afanye nini. Mama mmoja akasema amwambie kwa uwazi kabisa. Waigizaji wakaonyesha mazungumzo ya wazi. Mama hakuridhika. Wakarudia, bado. Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika mpini wa ufagio, akamcharaza yule mume wa kuigiza. Huo ndio uliokuwa uwazi wake. Tangu hapo Boal alimruhusu mtazamaji kusimamisha igizo, kuingia jukwaani na kushika nafasi ya anayeonewa.

Tanzania ilikuwa na njia yake ya jirani na hiyo. Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na 1996 ukaanza mradi wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari waliyaigiza matatizo yao ili yapate kusikika. Jina lenyewe linasema yote.

Somo lake ni tofauti na matatu ya kwanza. Yale yanauliza wewe utaongeaje vizuri. Hili linauliza kwa nini fulani haongei kabisa, na nani anafaidika na ukimya wake. Tuliigiza mkulima na karani kwenye mizani. Aliyecheza karani alikuwa mwalimu, na mimi nikawa mkulima. Mwalimu akaandika uzito bila kunionyesha, akachana stakabadhi, akanipa huku anatazama kwingine. Nikajikuta nimeshaondoka hatua tatu kabla sijakumbuka kwamba kwenye igizo mimi ndiye ninayetakiwa kulalamika. Mama wa pweza akapiga makofi, "Simama!", akachukua nafasi yangu, akakaa chini palepale mbele ya mizani. Hakusema kitu. Alikaa tu, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, na karani akalazimika kuinua macho.

Inadai mengi: watu kumi na tano na kuendelea, nusu siku, mwongozaji mwenye busara, na kijijini ni lazima serikali ya kijiji iwe na habari. Kuanikwa kwake ni kwa aina nyingine. Aibu si kubwa, kwani mnapanda wengi, ila athari ni za kweli: aliyemsema mwenyekiti jukwaani jioni atakutana naye kisimani. Mwongozaji asiyefikiria siku ya pili asianze. Adabu inavunjwa kwa makusudi, chini ya kivuli cha igizo, na jamii iliyozoea utani inakielewa kivuli hicho haraka.

Ubandia wake ni jibu la semina. Vijiji vya kusini vimeona miradi mingi. Watu wanajua jibu ambalo mgeni mwenye fulana yenye nembo anataka kulisikia, watalitoa kwa furaha, watakunywa soda na kurudi nyumbani walivyokuja. Ukiona kila anayepanda anamaliza na suluhisho safi, ujue wanakuigizia kwa maana ile mbaya. Inafaa kikundi, kamati, wanafunzi, wafanyakazi wenye jambo wasiloweza kulitamka mbele ya mkubwa. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi itamchelewesha tu.

Wewe umekwama wapi?

Kama una mkutano keshokutwa na umeshika karatasi, usijaribu papo kwa papo. Chukua swali moja la Stanislavski, unataka nini kwao, andika kitenzi kimoja juu ya ukurasa wa kwanza. Kisha peleka mbele kile ambacho ungekitaka wewe ungekuwa umekaa kwenye mzizi. Usiku mtambie mtu wa nyumbani taarifa yote bila kusoma. Atakapouliza swali, hapo ndipo hukueleweka.

Kama unaongea sana na bado watu wanakukwepa, tatizo ni masikio. Zoezi la kurudiana sentensi, siku tano mfululizo, na mtu usiyemzoea sana.

Kama mwili unakusaliti, mikono inatetemeka na sauti inapanda, michezo ya kundi itakusaidia haraka kuliko kujichunguza. Lakini kama unatoka kwenye jambo lililokuumiza na hujapona, epuka vipindi vya kukumbushana machungu, yeyote anayeviendesha. Utambaji ni mlango salama zaidi.

Kama wewe ndiye mkubwa, mwalimu mkuu au mwenyekiti, na unashangaa kwa nini kikaoni wote wanakubali, jaribu maigizo shirikishi na ucheze mtu wa chini kabisa. Usiongoze kipindi mwenyewe. Na kama wewe ndiye wa chini na mkubwa wako hayumo kwenye mazoezi, fikiri mara mbili kabla ya kulipeleka igizo lenu hadharani.

Anayetaka mafunzo rasmi ipo TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Wengi wetu hatuna nauli wala likizo ya hilo, na kwa mahitaji ya kila siku si lazima.

Mkiwa wanne mna benchi na saa moja, anzeni na kioo. Mkubwa kwa umri aongoze kwanza, dakika mbili. Halafu mdogo. Mara ya tatu msipange nani anaongoza.